Dakika Nne za Diski ya Hidaya

Jambo la mwisho la kawaida lilikuwa barua ya kuomba likizo. Mlinzi wa msitu aliingia dukani saa nne asubuhi, akaeleza kwamba anataka siku saba za kwenda kumwona mama yake, na Bwana Kaoneka akamchapia kwa vidole viwili. Kompyuta ilinguruma kama kawaida yake, printa ikakohoa, karatasi ikatoka. Mlinzi akaisoma, akaikunja mara mbili, akaaga. Bwana Kaoneka akaizima mashine, akachukua bisibisi, akafungua ubavu wake.

Kabla sijaendelea, nawaomba mnaosikiliza, wakubwa kwa wadogo, mshike watu watatu na kipaji cha kila mmoja. Mwishoni nitawauliza jambo, na sitakubali kimya.

Wa kwanza ni Mzee Shechambo, fundi wa redio. Kipaji chake ni masikio. Redio ikikwaruza nyumba ya tatu kutoka kwake, yeye hujua kama ni spika au ni betri.

Wa pili ni Bi. Mwanahawa, aliyekuwa mpiga chapa wa serikali hadi alipostaafu. Kipaji chake ni kumbukumbu. Ukimwuliza nguo uliyovaa siku ya kwanza kuonana naye, atakutajia na kifungo kilichokosekana.

Wa tatu ni Fadhila, fundi wa simu pale karibu na soko. Kipaji chake ni mikono. Anaweza kushika kitu kidogo kuliko punje ya ulezi, akakiweka mahali pake, bila kuvuta pumzi ya pili.

Duka lilikuwa la Hidaya, mke wa Bwana Kaoneka, hapa Mlalo, milimani Usambara. Kwa miaka kumi na sita aliwachapia watu barua, mikataba na maombi. Alikuwa na namna yake ya kufanya kazi. Wazee wengi hawawezi kusema mbele ya mtu anayechapa. Kila kidole kikigonga, husita, na neno hupotea. Hidaya akanunua maikrofoni, akawa anawaambia, "Semeni tu kama mko jikoni. Nitaandika baadaye." Walisema. Barua ziliandikwa, na sauti zikabaki ndani ya diski ya kompyuta. Nakala alizoziweka kwenye sidii ziliota ukungu. Huku kwetu ukungu hauachi hata viatu.

Hidaya alifariki mwezi wa tatu. Baada ya arobaini vitu vyake viligawanywa kama ilivyo desturi: kanga kwa dada zake, mkufu kwa binti, cherehani kwa wifi yake. Kompyuta hakuna aliyeitaka. Bwana Kaoneka aliirudisha mezani, akaiwasha, akapitia orodha ya sauti. Katikati ya majina ya wateja akaliona jina lake mwenyewe. Kaoneka, basi. Tarehe ilikuwa siku nne kabla Hidaya hajalazwa.

Hakuifungua. Alijiambia kwamba mashine ni kuukuu, na kwamba kitu kama hicho hakisikilizwi kwenye mashine ambayo huenda ikazimika katikati ya sentensi. Kwanza ataitengeneza. Akaagiza pawasapulai mpya, kile kisanduku kinachoigawia mashine umeme, memori ya kuongeza, na diski ya pili ya kuhifadhia nakala. Siku ile ya mlinzi wa msitu akavifunga vyote vitatu kabla ya adhuhuri.

Lazima mjue kwamba Bwana Kaoneka alikuwa mtafiti wa udongo kwa miaka thelathini, na chuoni aliwafundisha vijana kanuni moja kubwa kuliko zote: badilisha kitu kimoja, subiri, tazama, andika, ndipo ubadilishe kingine. Ukibadilisha vitatu kwa pamoja na shamba likafa, hutajua kamwe limeuawa na nini. Hospitalini nako walimbadilishia Hidaya dawa tatu kwa siku moja. Kaoneka alipouliza ni ipi iliyomdhuru, hakuna aliyeweza kumjibu. Hayo yote aliyajua. Alikaza skrubu ya mwisho hata hivyo, akabonyeza kitufe.

*Tak.*

Kimya.

*Tak.*

Kwenye kioo yakatokea maandishi meupe: hakuna diski.

Akatoa memori mpya. *Tak.* Akairudisha, akabadilisha waya bapa unaounganisha diski na mashine. *Tak.* Alikuwa na daftari, na kila alipowasha aliandika saa na sekunde kati ya mlio na mlio. Mara ya kwanza zilikuwa sekunde sita. Mara ya nane zilikuwa tano. Mara ya kumi na moja zilikuwa nne, na mlio wenyewe ulikuwa umeanza kuwa mkavu. Akaweka kalamu chini. Alishawahi kukaa kando ya kitanda akihesabu namna hiyo.

Ijumaa, watu walipokuwa wakivaa viatu nje ya msikiti, alisimama akasema, na wanawake waliokuwa wakipita wakasimama kumsikiliza.

"Diski ya Hidaya imekwama. Wengi wenu mna sauti za watu wenu mle. Atakayeifufua, huyo ndiye atakayechagua sauti ya kwanza kutolewa. Mimi sitamtangulia."

Aliahidi hivyo kwa sababu aliogopa kwamba hakuna atakayejitokeza. Alidhani pia kwamba baada ya ya kwanza itafuata ya pili, na ya tatu, na siku moja ya kwake.

Jumamosi alikuja Mzee Shechambo. Hakugusa kitu. Aliomba redio ya jirani izimwe, akaweka ncha ya bisibisi juu ya diski na mpini wake sikioni, akafumba macho.

"Washa."

*Tak.*

"Zima! Zima haraka, Kaoneka." Akafumbua macho. "Hii haijafa. Inataka kusimama, inakosa nguvu, inaanguka. Inataka tena, inaanguka tena. Kila ukiiwasha unaiua. Umeipa nini ile?"

"Pawasapulai mpya. Ina nguvu mara mbili ya ile ya zamani."

"Nani kasema?"

"Imeandikwa."

Mzee Shechambo akaichomoa, akaipima kwa kiganja. "Mwenzangu, hii ina uzito wa mkate wa jana. Pawasapulai ya kweli ikikuangukia mguuni, unakwenda zahanati. Ile ya zamani umeitupa?"

Bwana Kaoneka hakuwa mtu wa kutupa. Ilikuwa kwenye rafu, na kibandiko chenye tarehe. Wakaifunga. Mashine ilipowashwa, diski ilivuta pumzi ndefu, ikapanda, ikazunguka. Lakini kioo kiliendelea kusema hakuna diski. Ilikuwa hai na haionekani.

Jumapili alikuja Bi. Mwanahawa, na chupa ya chai chini ya kwapa. Naye hakugusa kitu. Aliketi, akaitazama diski ya zamani na diski mpya zikiwa zimening'inia kwenye waya mmoja bapa.

"Shemeji, kikofia chake kiko wapi?"

"Kikofia gani?"

"Mwaka ule barabara ilipokatika kwa mvua, fundi kutoka Tanga alilala hapa siku mbili. Hidaya alikuja kwangu anacheka. Akasema, dada, kumbe hata diski hugombea ukubwa! Zikiwa mbili kwenye waya mmoja, moja lazima iwe mkubwa na nyingine mdogo, la sivyo mashine haimsikilizi yeyote. Kuna kikofia cha plastiki, cheupe, nyuma yake. Kikiwa pini ya pili kutoka waya wa umeme, huyo ni mkubwa. Alinionyesha kwa kidole. Hivi."

Bwana Kaoneka akafungua droo. Akatoa bahasha ndogo. Juu yake alikuwa ameandika kwa mwandiko wake ulionyooka: *Kipande cha plastiki, cheupe. Kazi yake haijulikani.* Alikitoa siku ile ya kufunga vifaa, akidhani ni kizibo cha kiwandani.

Bi. Mwanahawa aliisoma bahasha, akacheka mpaka akashika meza. "Msomi wewe! Umemvua mtu kofia, ukaiwekea faili."

Hata yeye alitabasamu. Wakakirudisha pini ya pili, wakakitoa cha ile diski mpya, na mashine ikaiona diski ya Hidaya. Jina lake likaandikwa kwenye kioo. Lakini kila walipofungua jalada lolote, mashine iliganda. Ilikuwa inaonekana na haisemi.

Jumatatu alikuja Fadhila. Alimkuta Mzee Shechambo yuko pale, na Bi. Mwanahawa yuko pale, maana sasa hakuna aliyekubali kukaa mbali.

"Nasikia mzee anasikia diski ikiumwa," alisema akifungua mkoba wake. "Mama wa nyumbani akimwita kutoka jikoni hasikii."

"Yule namsikia," alisema Mzee Shechambo. "Sijibu."

Fadhila aliigeuza diski, akafungua skrubu sita ndogo, akainua bodi yake ya kijani. Chini yake, vile vibati vya shaba vinavyogusana na tumbo la diski vilikuwa vimeshika weusi wa unyevu. Akavisugua kwa ufutio wa penseli, kimoja kimoja, mpaka vikang'aa. Kisha akawasha taa yake ya kichwani, akainama juu ya bodi.

"Mguu mmoja wa hii chipu umeachia. Ilipata joto wakati inapigania kusimama." Akamtazama Bwana Kaoneka mara moja, akarudisha macho kazini. "Msitembee."

Hakuna aliyetembea. Ncha ya moto ya chuma cha kulehemia iligusa risasi, moshi mwembamba ukapanda, ikawa imekwisha. Walipoiwasha, majalada yalifunguka.

Hapo ndipo wote wanne walipofurahi, na hapo ndipo lilipofanyika kosa la pili. Bwana Kaoneka, mtu wa utaratibu, aliiamuru mashine inakili kila kitu kuanzia mwanzo. Diski ilisoma dakika kumi na tisa, ikaanza kulia *tak*, ikasimama. Walipotazama kilichonakiliwa, zilikuwa barua za likizo na mialiko ya harusi, za miaka ya mwanzo. Wakaiacha ipoe. Jioni walipojaribu tena ilisoma dakika kumi na mbili, nyingi zikiishia mahali pamoja palipooza, na hawakupata hata sauti moja. Jumanne asubuhi ilisoma dakika saba. Hizo walizitumia kutafuta majina yao na kuandika kila sauti ina ukubwa gani.

Bwana Kaoneka akaandika namba tatu kwenye daftari, moja chini ya nyingine. Akaandika ya nne bila kuulizwa na mtu.

"Kesho itasoma dakika nne," alisema. "Kesho kutwa mbili, na mbili hazitoshi kwa lolote. Sauti moja inahitaji karibu dakika nne kamili, kwa mwendo wake wa sasa. Itatoka moja. Nyingine hazitatoka."

"Tuipeleke Dar," alisema Bi. Mwanahawa.

"Kwa zile kona, bibi?" alisema Fadhila. "Kile kisindano chake cha kusomea kitachora sahani yake ya ndani mpaka Mombo. Itafika ikiwa jiwe."

Wakakaa. Nje ukungu ulikuwa umeshuka hadi kwenye mabati, na ilikuwa saa tano mchana.

Mzee Shechambo ndiye aliyeanza. "Basi mimi niseme. Marehemu baba alikuja hapa akataja mpaka wa shamba letu, mti kwa mti, jiwe kwa jiwe, na jirani yangu wa leo akiwa ameketi kando yake anaitikia. Sasa jirani huyo anasema hakuwahi kuketi hapa. Baraza la ardhi linakaa Alhamisi. Bila sauti ile nahama, na uzee huu. Na ni mimi niliyeifufua diski. Kama si masikio yangu, mngeendelea kuiwasha mpaka ife."

"Uliifufua kipofu," alisema Bi. Mwanahawa. "Ilikuwa inazunguka tu kama pia ya watoto. Aliyeifanya ionekane ni mimi." Alikishika kikombe chake bila kunywa. "Mama yangu alikuja hapa akiwa mgonjwa. Alimwambia Hidaya jina la mtu aliyenizaa. Hakutaka liandikwe. Hidaya aliniambia, dada, limo mle, ukiwa tayari uje. Sikuwa tayari. Nina miaka sabini na moja. Nimekumbuka mambo ya watu wote wa Mlalo, na la kwangu mwenyewe silijui."

Fadhila alikuwa anakunja waya wake wa kulehemia, anaukunjua. "Nyote mliifanya iwe nzima, ikawa bubu," alisema. "Mimi ndiye niliyeifanya iseme. Baba yake Hanifa, mwanangu, aliacha barua ya sauti siku anayokwenda machimboni. Mtoto alikuwa tumboni. Barua ni ya mtoto, si yangu. Hidaya alisema atamtunzia mpaka ajue kusoma, ndipo ampe aisome na kuisikiliza kwa pamoja. Amejua kusoma mwaka huu. Hajawahi kuisikia sauti ya baba yake, na huko machimboni hawajapata hata kiatu chake."

Bi. Mwanahawa akakiweka kikombe mezani. Akamgeukia Bwana Kaoneka.

"Na wewe, shemeji? Lipo jina lako. Nimeliona asubuhi, tukitafuta yetu."

Bwana Kaoneka alifunga daftari. "Nimeahidi sitamtangulia mtu."

"Hukujua kama itakuwa moja," alisema Mzee Shechambo taratibu. "Ahadi ya mtu asiyejua si sawa na ya mtu anayejua. Na mashine ni yako. Na mke ni wako."

"Ndiyo, mashine ni yake," alisema Fadhila. Hakupandisha sauti. "Lakini tuseme ukweli, mzee wangu. Ilikuwa nzima. Nani aliyeiharibu?"

"Fadhila!" alisema Bi. Mwanahawa.

"Mwache," alisema Bwana Kaoneka. "Ni mimi."

Hawakupatana. Walipatana jambo moja tu: warudi Jumatano saa moja asubuhi, kabla jua halijapasha mabati, kwa sababu baridi huipa diski uhai kidogo. Na walipatana kwamba mkono utakaochagua ni wa Bwana Kaoneka, maana wao watatu wasingeaminiana.

Asubuhi ya Jumatano alifika dukani saa kumi na mbili. Aliichukua diski, akaiweka nje kwenye kizingiti cha saruji, juu ya sahani kavu, ipigwe na baridi. Alipokuwa akisubiri, aliichomoa memori mpya, ikabaki ya zamani peke yake. Akasubiri, akatazama, akaandika. Akaurudisha waya bapa wa zamani. Akasubiri, akatazama, akaandika. Mashine ikawa kama Hidaya alivyoiacha, isipokuwa ile diski mpya ya kupokelea, tupu. Akapanga viti vitatu mbele ya kioo. Kiti chake mwenyewe akakitoa barazani, kisha akabaki amesimama.

Walikuja pamoja. Bi. Mwanahawa hakuwa na chupa ya chai. Fadhila alikuwa na mtoto, akamketisha mapajani. Mzee Shechambo akaweka bisibisi sikioni.

Bwana Kaoneka alifunga diski baridi mahali pake, akabonyeza kitufe. Ikavuta pumzi, ikapanda, ikazunguka. Orodha ikafunguka. Majina manne yalikuwa karibu karibu, na la kwake lilikuwa la tatu.

"Safi," alinong'ona Mzee Shechambo. "Safi. Safi." Halafu akainua kidole. "Imeanza kuchoka. Chagua, Kaoneka."

Bwana Kaoneka akaweka mkono juu ya kipanya. Wote watatu waliutazama mkono huo; hakuna aliyetazama kioo. Mtoto peke yake ndiye aliyekuwa akisoma majina, kwa sauti, akiyapatia: la baba yake Shechambo, la mama yake Mwanahawa, Kaoneka, la baba yake mwenyewe.

Basi nimefika. Ninyi mlioshika watu watatu, sasa mnao wanne, na sikuwaficha kitu. Asingesikia Shechambo, diski ingekufa ikiombwa kuamka. Asingekumbuka Mwanahawa, ingezunguka bila kuonekana. Asingeshika Fadhila, ingeonekana bila kusema. Na asingefungua ubavu wa mashine Kaoneka siku ile ya barua ya likizo, wote wanne wangekuwa wamesikia, kila mmoja kwa wakati wake.

Diski inazunguka, na mkono uko juu ya kipanya. Mimi nimeunyamazia muda mrefu. Mwambieni ninyi: aanze na nani, akijua hakuna wa pili?